Mtani Hapewi Nyumba Kujenga

Watu wakiniuliza fundi gani wampe kazi, huwa nawajibu kabla hawajamaliza swali: mpe yeyote, mpe hata adui yako, ila usimpe mtani wako. Wanacheka. Wanadhani ni maneno ya mwanamke aliyeuza dagaa miaka mingi pale Kibirizi, kando ya ziwa, na hajui kufunga mdomo. Hilo la mdomo ni kweli. Lakini hili la fundi sisemi kwa kuchekesha.

Mtani wangu ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, dada yake baba. Tumekulia Ujiji katika nyumba mbili zinazotazamana, ya kwetu na ya kwao, na uwanja mmoja katikati. Mimi nilimtangulia kuzaliwa kwa miaka michache, kwa hiyo kwa haki ilimpasa kuniamkia. Hakuwahi hata siku moja. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani tangu tumboni, na mtani haamkii, mtani anatukana. Asubuhi akinikuta nafagia uwanja atasema, "Bado hujafa tu wewe? Mimi hela ya sanda yako nimeshaila." Nami nitamjibu kwamba sanda yangu isingemfaa kitu, maana kichwa chake peke yake kinataka jora zima. Mgeni akitusikia angedhani tunakaribia kushikana mashati. Wenyeji walikuwa wanavuta mkeka wasikilize. Na sheria yenyewe kila mtu anaijua: mtani hakasiriki. Ukikasirika umeshindwa.

Hata mama yangu hakusalimika. Kwa kuwa ni mke wa mjomba wake, binamu alimwita "mke wangu", na akipita mlangoni kwetu mchana aliuliza kwa sauti ya kusikika msikitini kwa nini hajapikiwa na ameoa. Mama hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali, sisi watoto wake tulijua kusoma nyusi zake kabla ya kujua kusoma vitabu. Lakini huyu alimshinda. Mama alikuwa anacheka mpaka anajifunika uso kwa ukaya, akisema, "Toka hapa, mume gani hana hata kuni."

Siku tuliyomzika baba, jeneza lilipofika mlangoni tulimkuta binamu amelala kifudifudi juu ya kizingiti. Alikuwa amevaa koti kuukuu la baba, anakohoa kikohozi cha baba hasa, kile cha kukwaruza mara mbili halafu kunyamaza. Akasema mjomba hatoki humu mpaka alipie kahawa zote alizokunywa kwa watu bure, na mke amwachie yeye kwa maandishi. Watu walicheka huku machozi yanawatiririka. Mama, aliyekuwa hajasema neno tangu alfajiri, alijivuta mpaka mlangoni, akafungua fundo kwenye pembe ya khanga yake, akatoa sarafu akamtupia mgongoni. "Haya, nipishe mume wangu apite." Binamu akainuka, akabeba jeneza mbele kabisa, na kuanzia hapo hakucheka tena mpaka makaburini. Ndivyo ilivyo kazi ya mtani: anaipasua huzuni kidogo ili watu wapate kupumua.

Baada ya matanga mama aliniambia, "Siku yangu mimi, huyu huyu anizuie mlangoni. Nisije nikatolewa kimya kama gunia la dagaa." Nikamwambia, mama, hilo halina haja ya kusemwa. Nani mwingine angefanya? Niliona ni jambo lililo salama kama vile jua kuchomoza.

Kisha nikataka kuwa mwenye nyumba.

Magoti ndiyo yaliyoniamulia. Biashara ya dagaa ni ya kuinama: unainama kununua, unainama kuanika, unainama kufunga magunia, na siku moja unainama usiinuke. Nilitaka vyumba vya kupangisha, mstari mmoja wa vyumba vyenye milango inayotazama uani, vinilishe mimi na mama uzeeni. Wenzangu wengi walikuwa wamenunua karibu na maji kwa sababu ya upepo na mandhari, na ziwa lilipopanda likawafuata mpaka vitandani. Kuna nyumba za watu ninaowajua ambazo ukipita na mtumbwi unaona mabati tu. Mimi nikajiona mjanja. Nikanunua kiwanja Ujiji upande wa juu, mbali na ziwa, kwenye mteremko mdogo chini ya barabara. Sikujiuliza maji ya barabarani yanakwenda wapi masika. Nilikimbia ziwa nikakaa mdomoni mwa mtaro.

Fundi hakuhitaji kutafutwa. Binamu alikuwa fundi mwashi anayejulikana. Kuta zake zilikuwa zimenyooka, na kwenye plasta yake ungeweza kujitazama. Rafiki yangu mmoja, aliyekwisha kujenga na kuumizwa na fundi ndugu, alinionya nichukue mtu baki na tuandikishane kwenye ofisi ya mtaa. Nilimwona ana roho ya kizungu. Undugu ni kufaana, na kama ningempa kazi mtu mwingine, ningeupitishaje uso wangu kwenye ule uwanja wetu? Hata hivyo maneno yake yalinigusa kidogo. Nikaandika karatasi ya makubaliano: nini kitajengwa, kwa vifaa gani, nani anafanya nini. Nikampelekea. Binamu aliisoma yote kwa makini, akatikisa kichwa kama hakimu, halafu akaikunja ikawa kofia, akaivaa. Aliivaa siku nzima pale kiwanjani akichimba msingi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na mambo ya karatasi yakaishia hapo.

Nisiseme uongo: sijawahi kuwa na furaha kazini kama ile miezi. Nilikuwa natoka Kibirizi nanuka samaki, napitia kiwanjani, na kabla sijashuka kwenye pikipiki nasikia, "Jamani funikeni saruji, inakuja harufu itaigandisha." Nami namwuliza ule ukuta ameujenga au ameuota. Kila kitu tulisema kwa njia hiyo. Nikitaka dirisha lisogezwe sikumwambia sogeza dirisha. Nilimwambia kwamba dirisha hilo limekaa kama jicho la mtu mwizi, na kesho yake nakuta limesogezwa. Akitaka misumari hakusema misumari imekwisha. Alisema anapigilia kenchi za paa kwa meno yangu ya akiba. Tulielewana. Au nilidhani tunaelewana, na kwa mambo ya madirisha na misumari tulielewana kweli.

Jambo la msingi lilikuwa tofauti.

Kiwanja kile, kwa kuwa kimekaa chini ya barabara, kilitaka sakafu ya juu. Tangu mwanzo nilisema, na hata yeye alisema, kwamba juu ya mawe ya msingi tupandishe kozi za matofali, safu juu ya safu, za kutosha ndipo tumwage jamvi, yaani ile zege ya sakafu. Matofali yalikuwa yanatoka Simbo, ya kuchoma. Mvua za mwanzo zikakuta tanuri la yule bwana wa Simbo halijaiva, akawa kila tukimpigia simu anajibu "ego, ego, kesho," ndiyo ya kilugha chao, na kesho yake haifiki. Kozi za mwisho za msingi zikakosa matofali.

Binamu alinifuata Kibirizi. Ilikuwa giza la mwezi, siku ambazo dagaa wanavuliwa kwa wingi, na sisi wachuuzi asubuhi kama ile hatusikii hata tukiitwa na mama zetu. Watu wanasukumana, mabeseni yanapita kichwani, mimi nabishana na mwenye chombo. Akanishika bega akasema, "Wewe bibi, matofali hayajaja, na saruji itaganda kwenye mifuko. Kozi zilizobaki nizitoe wapi, kwenye mifupa yako?" Nikamjibu bila hata kugeuka, "Zitoe kichwani kwako, si ni tofali tupu humo!" Watu wakacheka. Naye akacheka, akasema, "Basi wapangaji wako watavulia dagaa kitandani, usije ukanililia." Nikamwambia, "Na wewe ndiye utakayekuwa chambo." Akaondoka.

Mimi moyoni nilimaanisha asubiri. Nilidhani hata mtoto angejua namaanisha asubiri. Yeye moyoni alidhani amenionya, na kwamba mimi nimesema endelea, potelea mbali. Akamwaga jamvi chini, bila zile kozi.

Niliporudi kiwanjani, giza la mwezi limekwisha na matofali yamefika, kuta zilikuwa zimekwisha kuota juu yake, na mimi ni nani wa kupima kwa macho kimo cha sakafu? Nyumba ilipauliwa, ikapakwa rangi, ikapendeza. Mama aliletwa kwa bajaji akaizunguka akiwa ameshika ukuta. Binamu akamwambia, "Mke wangu, chumba cha kwanza ni chetu, hawa wengine watalipa kodi." Mama akasema mume wake amechelewa miaka hamsini.

Mpangaji wa kwanza alikuwa mama mshonaji. Alikuja na cherehani yake na vitambaa vya wateja, na Idd ilikuwa inakaribia. Mvua kubwa ikanyesha. Maji yakashuka kutoka barabarani kama yamealikwa, yakaingia chini ya milango yote, chumba hadi chumba. Nilipofika asubuhi nilimkuta yule mama amesimama juu ya kitanda, amekumbatia cherehani, na vitambaa vya watu vinaelea sakafuni vikiwa vimechujiana rangi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Sasa nitawaambia nini wenye nguo?" Aliondoka siku hiyo hiyo, na wengine wakamfuata.

Nilimtumia binamu ujumbe aje. Akaja, amekunja suruali mpaka magotini, ameshika kikapu. Akasimama mlangoni akapaza sauti, "Mwenye nyumba, dagaa leo bei gani?"

Siku nyingine yoyote ningecheka. Ningemwambia kikapu hicho kidogo, leta kichwa chako. Na pengine tungekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukayatazama yale maji, na kwa matusi yetu yale yale tungefikia namna ya kurekebisha. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kumwona mwanamke amesimama kitandani. Nilimwambia asinifanyie mchezo. Akadhani ni sehemu ya mchezo, akaanza kutupa ndoana ya kuigiza. Nikaenda zangu moja kwa moja mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alituita. Tulikaa nje ya ofisi yake kwenye viti vya plastiki, na majirani wakajaa, kwa sababu kesi ya watani ni burudani na hakuna kiingilio. Binamu alikuja amevaa kanzu safi na kofia, akawasalimia watu wote, akasema amekuja kudai talaka ya mama yangu. Kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, mtu mzima na tumbo lake likitikisika. Kisha akaniuliza mimi kama kweli nilimwambia fundi ainue msingi.

"Nilimwambia."

"Mara ya mwisho matofali yalipokwama, ulimwambiaje?"

Hapo nikanaswa. Ilinibidi kurudia mbele ya mtaa mzima kwamba nilimwambia matofali ayatoe kichwani kwake. Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Mwenyekiti akafuta machozi, akasema, "Sasa mama, fundi akatoe matofali kichwani? Hapa mimi naamua nini?" Binamu akainamisha kichwa akajipigapiga utosini, kuonyesha kwamba tofali bado zimo, mwenye kutaka aje azihesabu.

Nilisimama. Damu ilikuwa imenipanda mpaka sikio linavuma. Nikasema, "Mwenyekiti, andika. Huyu ni fundi niliyempa kazi akaiharibu. Mimi sina utani na huyu."

Kicheko kilikatika. Nakumbuka hata kuku mmoja aliyekuwa anaparua pembeni nilimsikia. Mwenyekiti aliniuliza, safari hii bila kutabasamu, "Umesemaje, mama?" Mtu yeyote mwenye akili angejua anafunguliwa mlango wa kutokea. Mimi nikarudia, tena kwa sauti zaidi. Binamu alinitazama. Akavua kofia, akaikunja akaiweka mfukoni, akasema, "Sawa, dada."

Dada. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

Iliamuliwa kwamba mimi nilete vifaa na yeye arudie kazi yote kwa nguvu zake. Nilikuwa na haki, na haki nilipewa. Mpaka leo nikiipima kesi ile naona nilikuwa na haki: sakafu ilikuwa chini, mshonaji alipoteza wateja, na fundi anayejua kazi yake hamwagi jamvi kwa sababu ya mzaha wa sokoni. Nasema hivi ili mtu asidhani najutia nyumba.

Kuanzia kesho yake nilipata fundi ambaye kila mwenye kujenga anamwomba Mungu ampe. Alifika kabla yangu. Alipanda juu ya kifusi, akanyoosha kamba, akaweka pima maji, akaniita nione mwenyewe kipovu cha maji kimekaa katikati. Milango iling'olewa ikapandishwa, sakafu ikajazwa kokoto ikamwagwa upya juu, na nyuma ya nyumba akachimba mtaro wa mawe unaopokea maji yote ya barabarani na kuyapitisha pembeni. Mtaro huo haukuwa kwenye makubaliano. Aliuongeza mwenyewe. Na kila asubuhi nilipotokea, alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," naitika. Ningeitika nini?

Zamani alikuwa anafunua sufuria yangu bila kuuliza na kulaani chumvi yangu huku anatafuna. Sasa alikuja na chai yake kwenye chupa na kiazi chake kwenye mfuko, akakaa upande wa pili wa ukuta akala. Nikimkaribisha anasema, "Nashukuru dada, nimeshiba." Siku moja sikuvumilia. Nikasimama nyuma yake nikasema kwa sauti yetu ile ya zamani, "Wewe kichwa maji, ukuta huo umepinda kama matege yako!" Nikasubiri. Aliweka mwiko chini, akachukua timazi, akaining'iniza juu mpaka chini, akaitazama kwa muda. Kisha akanigeukia.

"Umenyooka, dada. Lakini kama hujaridhika, tutaubomoa."

Nilimwambia auache tu. Nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye mtaro wake mzuri ule nikalia.

Mama alipata habari za barazani kabla sijafika nyumbani siku ile ya kesi. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Umemkana mbele za watu?" Nikaanza kueleza habari ya sakafu, ya mshonaji, ya vitambaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sikukuuliza ya nyumba." Baadaye alijaribu kutupatanisha kwa njia yake. Idd ilipokuja alimwalika binamu pilau. Akaja. Akamwita mama "mama", akala kwa adabu, akashukuru, akaomba ruhusa ya kuondoka. Mama alibaki ameshika sahani yake mkononi, akiangalia mlango, na mimi nilijifanya natafuta kitu jikoni.

Nilikwenda kwake pia, nisije nikasemwa sikwenda. Mkewe alinifutia kiti, akatuma soda ikanunuliwe dukani. Soda, mimi! Katika nyumba ambayo nilikuwa naingia na kuoga bila kubisha hodi. Nilimwambia binamu kwamba siku ile hasira zilinizidi, turudi kama zamani. Alinisikiliza akiwa ameinamisha uso, akasema, "Sina kinyongo, dada. Wallahi sina." Nilimtazama vizuri, nikaona ni kweli, hana. Ingekuwa kinyongo ningemwomba radhi mpaka kiishe. Lakini utani hauombwi. Nani amewahi kukaa mbele ya mtu akamsihi, tafadhali nitukane? Nilikunywa soda yangu nikarudi nyumbani. Kisha nikajiambia muda utalainisha, kama ziwa lilivyopanda na baadaye likaanza kurudi nyuma lenyewe na watu wakaona tena vizingiti vyao. Nikasubiri. Ningekwenda tena, na tena, labda. Sikwenda. Nilikuwa na wapangaji wa kushughulikia.

Maana nyumba ilijaa. Masika yaliyofuata yalikuwa mabaya, mitaa ya jirani watu walihamisha magodoro, na vyumba vyangu havikuingia hata tone. Yule mama mshonaji alirudi, yupo mpaka leo chumba cha kwanza, na ninapopita nasikia cherehani yake. Watu huja kuutazama ule mtaro. Wananiuliza fundi ni nani.

Mama alifariki kabla ya adhuhuri, kitandani kwake, bila kusumbua mtu, kama alivyoishi. Wanawake waliomwosha walinikabidhi vitu vyake: ukaya, tasbihi, na khanga aliyokuwa ameivaa. Kwenye pembe ya khanga kulikuwa na fundo. Nililibonyeza nikahisi sarafu ndani. Mama hakuwa na biashara yoyote wakati ule, wala hakuwa anatumwa wala kutuma dukani. Nilijua ni ya nani na ni ya kazi gani. Nilikaa pale mkekani na khanga ile mapajani, na kwa mara ya kwanza siku ile nikapata matumaini ya kijinga. Nikajiambia, atamzuia. Mimi kanikasirikia, sawa, lakini mke wake hawezi kumwacha atoke hivi hivi.

Jeneza lilipotolewa chumbani nilisogea mpaka karibu na mlango, fundo mkononi. Binamu alikuwa amekuja mapema kuliko wote. Alikuwa amepanga viti, amesimamia maji, amekwenda makaburini kuhakikisha kaburi limekaa sawa. Sasa alikuwa mbele kabisa, mti wa jeneza begani. Walipofika kwenye kizingiti wabebaji wote walisimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Walisimama kwa mazoea, wakimngojea yeye. Watu uwanjani walinyamaza, na wazee wengine walikuwa tayari wanatabasamu, wamekwisha kuandaa kicheko chao kwa ajili yake. Nikaona macho yake yanashuka kwenye kizingiti, mahali pale pale alipolala siku ya baba. Nilisema moyoni, sema. Sema lolote. Sema mimi ndiye niliyemwua.

Mtu mmoja akakohoa.

"Twendeni, jamani," akasema binamu kwa sauti ndogo, "tusimcheleweshe."

Wakavuka. Mama akatoka kimya.

Waliporudi kutoka makaburini alipita kwa wafiwa wote kutoa pole, akafika kwangu. Alikuwa na udongo wa kaburi kwenye pindo la kanzu. Nilikuwa bado nimeshika lile fundo. Nilimnyooshea. Akalitazama. Nadhani alilitambua, kwa sababu alifumba macho kidogo. Kisha akainama kama anavyoinama mtu mwenye adabu mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, dada," akasema. "Pole sana."

Nikaurudisha mkono wangu.

"Marahaba," nikaitika.